Jino la Ndiaye Mikononi mwa Diop

Pale mjini Khombole, mtu akitaka kuapa kwamba kitu ni cheupe kweli kweli, haapi kwa maziwa wala kwa pamba. Anaapa kwa meno ya Birame Ndiaye.

Birame aliuza miswaki ya miti kwenye lango la soko. Miaka ishirini na sita mahali pale pale, juu ya kiti kile kile kilichopoteza mguu mmoja na kutegemezwa kwa tofali. Hakuwa na kibao cha biashara. Kibao chake kilikuwa mdomo. Mteja akikaribia, Birame anakenua, basi, kazi imekwisha. Na mteja akisitasita, anategewa kitendawili.

"Wazee wameketi barazani safu mbili, mchana kutwa wanatwanga, na wanachotwanga hawali wao. Kina nani hao?"

"Meno, babu!"

"Umepata. Sasa mbona wazee wako wananuka jana? Chukua mswaki ukawaogeshe."

Miti aliijua sana, huyu Birame. Alijua upi mchungu, upi mlaini, upi unachanua nyuzi mapema ukitafunwa. Lakini watu hawakumfuata kwa ajili ya miti peke yake. Walimfuata kwa ajili ya ufundi alioubuni mwenyewe na kuutangaza kwa sauti ya mwadhini.

Chini ya meza yake kulikuwa na jiko la makaa, na juu ya jiko birika dogo la buluu la chai ya ataya. Kila mtu anajua ataya hunywewa mara tatu: bilauri ya kwanza chungu, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu sukari tupu iliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali. Basi Birame aligundua kwamba mswaki mchungu ukiuchovya kwenye bilauri ya tatu, unalainika na kuwa mtamu, na hata mtoto anayekimbia mswaki kama anakimbia sindano ataung'ang'ania mpaka adhuhuri.

"Chovya, tafuna, cheka!" alikuwa akiita. Na Khombole nzima ikachovya, ikatafuna, ikacheka.

Sasa, siku moja ya Jumatatu, bilauri ya tatu ilipokuwa inapita shavu la kushoto, kitu kilimpiga Birame toka kwenye taya hadi kisigino. Akaruka. Kiti nacho kikaruka, kikatua mbali na tofali lake, na Birame akajikuta amekaa chini katikati ya miswaki.

"Kulikoni?" aliuliza Gallo Sarr, muuza kandambili wa jirani.

"Siafu. Kaniuma mguu."

"Mguu? Mbona umeshika shavu?"

"Nauhurumia."

Gallo akamimina chai nyingine. Birame akasema leo imetosha. Gallo nusura apige kelele za msiba. Miaka ishirini na sita, hajapata kumsikia Birame akisema chai imetosha.

Wiki nyingine yoyote angevumilia. Lakini wiki hiyo Alhamisi yake ilikuwa siku ya meno katika shule ya msingi, na mwalimu mkuu, Bi Sow, alikuwa amemwalika Birame awe mgeni rasmi. Kazi yake ingekuwa kupanda jukwaani na kufungua mdomo mbele ya watoto mia tatu, wauone mdomo wa mfano. Na atakayeuelezea mdomo huo, kwa kioo na tochi, ni tabibu wa meno wa zahanati, Aram Diop.

Diop! Yupo mtu hapa asiyejua? Ndiaye na Diop ni watani. Tangu mababu wa mababu, Ndiaye akimwona Diop humwambia "mtwana wangu, nani kakupa ruhusa ya kuvaa viatu?", na Diop humjibu "wewe mla wali usiyenawa, bwana wako amekuja, simama." Hakuna anayeruhusiwa kununa. Anayenuna ndiye kashindwa.

Sasa hebu fikiria Diop akute jino bovu ndani ya mdomo wa Ndiaye, tena Ndiaye huyu, tena mbele ya watoto mia tatu! Hadithi hiyo ingesimuliwa kwenye kila sherehe ya kumpa mtoto jina mpaka Birame apate vilembwe. Kuhusu kicheko angeweza kufa na tai shingoni. Ila mswaki nani atanunua kwa mtu mwenye shimo? Na kama si muuza miswaki mwenye meno, Birame Ndiaye ni nani?

Usiku huo wakati wa chakula, mkewe Soukeyna alimwangalia akila wali wa samaki huku kichwa kimelala upande.

"Mbona unakula kama kuku anayemchungulia mwewe?"

"Shingo imekaza."

"Fungua mdomo."

"Mke wangu, watu wanakula..."

"Fungua!" Soukeyna akachukua tochi, akachungulia, akapiga mluzi. "Ya Rabi! Nyuma kabisa kushoto. Birame, humu naweza kupanda uwele nikavuna."

"Punguza sauti! Jirani ni Diop kwa mama!"

"Nenda kwa Aram kesho."

"Nife kwanza."

"Kufa utakufa. Na mtu wa kwanza kuingia kutoa pole atakuwa Diop, na atanyanyua sanda achungulie."

Hilo lilimwingia. Jumanne akajaribu karafuu, akajaribu maji ya chumvi, akajaribu kutowaza. Jino likamwambia: mimi sitoki kwenye mawazo, natoka huku nyuma. Jumatano jua halijapanda vizuri, akajifunga mtandio wa Soukeyna kuzunguka taya na utosi, akapita vichochoroni hadi zahanati. Aram Diop alikuwa mlangoni anafagia, mwanamke mfupi mwenye mashavu ya mtu ambaye kicheko hakikai mbali naye.

"Ndiaye!" aliita. Maana kule watu husalimiana kwa majina ya koo, na huyarudia mpaka yachoke.

"Diop," akajibu Birame, mdomo nusu.

"Ndiaye!"

"Diop."

"Hee! Mbona leo jina langu linakutoka kama kikohozi? Na hicho kilemba cha bibi harusi?"

"Baridi. Sikiliza, Diop, sikuja kwa ajili yangu. Nina rafiki yangu, jino linamsumbua. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake..."

"Basi si Ndiaye."

"Diop, mimi naongea mambo ya maana!"

"Na mimi nasikiliza kwa maana. Mwambie huyo rafiki yako aingie, akae kwenye kiti, avue mtandio wa mke wake."

Birame akatazama njia, kulia, kushoto. Hakuna mtu. Akaingia.

Aram alinawa mikono, akavaa glavu, akawasha taa, na hapo hapo utani wote ukamtoka usoni kama mtu aliyevua viatu mlangoni mwa msikiti. Akatia kioo kidogo mdomoni, akageuza huku, akageuza kule, akagonga taratibu.

"Hapa?"

"Aaah!"

"Linauma ukila kitamu? Ukinywa baridi?"

"Mm."

"Usiku linakuamsha? Linapwita lenyewe tu?"

"Mm-mm."

"Una bahati ya mtende. Shimo halijafika kwenye moyo wa jino. Ungengoja mpaka baada ya Ramadhani, ningeling'oa."

"Ni funza, siyo?" alisema Birame alipopewa nafasi ya kufunga mdomo. "Funza wa meno. Mtoe, nimkanyage mwenyewe."

"Hakuna funza, Birame. Yuko wapi? Funza akijua humu anakaa Ndiaye angehama na watoto wake. Kuna vijidudu vidogo sana, vimo mdomoni mwako, vimo mwangu, vimo mwa imamu. Ukila sukari, navyo vinakula. Vikila vinatoa uchachu, kama wa ndimu, na ule uchachu unalainisha jino. Ukiupa mdomo mapumziko, mate yanakuja yanakarabati. Usipoupa mapumziko, fundi anapaka lipu, wewe unabomoa, anapaka, unabomoa, mpaka fundi anakata tamaa. Niambie, meno unayasafishaje?"

Birame akajinyoosha kitini. Hapo sasa wamefika nyumbani kwake. Akamweleza kila kitu: mti anaouchagua, jinsi anavyoubandua ganda, jinsi unavyochovywa kwenye bilauri ya tatu, ukatafunwa polepole, ukachovywa tena, toka asubuhi anapofungua meza mpaka swala ya alasiri.

 Pua ya Aram ikaanza kutetemeka. Akaweka kioo mezani vizuri. Kisha kile kicheko kikampata: alianza kwa kukalia kigoda, kigoda kikateleza, sinia ya vifaa ikaenda chini kwa kishindo, na yeye akabaki sakafuni anapiga ukuta kwa kiganja.

"Unasugua... unasugua meno kwa sukari! Kutwa! Mtu anafagia nyumba kwa ufagio uliochovywa asali, halafu anauliza sisimizi wametoka wapi!"

"Lakini ya mbele ni meupe!" Birame aling'aka. "Tazama!"

"Ya mbele, ndiyo! Na ya kulia! Huku nyuma kushoto mswaki ulifika lini?"

Birame akafikiri. "Wateja hukaa upande wangu wa kulia," alisema kwa sauti ndogo.

Ikabidi Aram atoke nje kidogo.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini mkono ulikuwa imara. Alimpiga sindano ya ganzi, akachukua kimashine kinacholia kama nyuki mwenye hasira, akasafisha uozo wote, akaziba shimo. Birame alitoka kitini akijipapasa shavu lisilokuwa lake.

"Diop," alisema, mdomo ukimsaliti kwa ganzi, "hii habari..."

"Mdomo wa mgonjwa ni siri yangu, hata akiwa Ndiaye. Nitaumwa tumbo kwa kuibana, lakini sitasema."

Birame akashusha pumzi.

"Ila kuchovya si siri yako peke yako," Aram aliendelea, na safari hii hakuwa anacheka. "Umewafundisha watu wangapi?"

Birame akaanza kuhesabu. Soko la Jumatano. Msikiti. Wacheza mieleka. Shule. "Wote," alisema.

"Na watoto?"

"Watoto ndio hasa."

"Kesho nitawaambia waache. Jina lako sitalitaja. Lakini unajua watakavyosema: Diop anamwonea Ndiaye kijicho. Wataenda zao, watachovya. Mimi wakinisikia kwa sikio moja, wewe wanakusikia kwa yote mawili."

"Na nikisema mimi, meza yangu je? Miaka ishirini na sita, Aram."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake. Aram akaokota kigoda.

"Hilo sina dawa yake hapa," alisema. "Usile upande huo mpaka ganzi itoke. Utajitafuna shavu, halafu useme ni funza."

Alhamisi ilifika bila kumwuliza Birame kama yuko tayari. Alivaa kanzu yake ya buluu iliyopigwa pasi mpaka inalia ukiigusa. Njiani alijisemea: nitafungua mdomo kidogo, upande wa kulia, nitashuka. Diop aseme lake. Watakaosikia watasikia. Hakuna uongo hapo. Alikuwa ameyapanga vizuri hivyo mpaka anafika kwenye lango la shule.

Watoto walimwona, uwanja ukalipuka.

"Babu Birame! Babu Birame! Chovya! Tafuna! Cheka!"

Mia tatu, kila mmoja na mswaki mkononi, na miswaki inang'aa kwa utelezi. Kwa heshima yake, walikuwa wameilaza usiku kucha kwenye ataya ya bilauri ya tatu. Nyuki wawili walikuwa wameshaalikwa na harufu. Msichana wa darasa la kwanza, Mbayang, akapenya katikati ya miguu ya wenzake akamvuta kanzu.

"Babu, wao wanachovya mara moja. Mimi mara tano! Tazama!"

Akakenua, kama Birame anavyokenua, kichwa juu, kidevu mbele. Kule mbele kulikuwa na vijino vinne vidogo, vimechakaa na kuwa vyeusi kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni.

"Nimekuwa kama wewe?" aliuliza.

 Birame akamwinua Mbayang, akapanda naye jukwaani. Bi Sow alikuwa ameshika karatasi ya hotuba ya kumkaribisha, yenye sifa za kurasa mbili. Birame akampita, akashika kipaza sauti.

"Wanangu, msitafune! Aliyetia mdomoni atoe! Wewe wa darasa la nne, nimekuona, toa! Kwanza nawategea. Mko tayari?"

"Tega!"

"Nyumba nyeupe. Mwenye nyumba kasimama mlangoni anaisifia kwa wapita njia. Kumbe ukuta wa nyuma umetobolewa, na aliyemkaribisha mwizi, akampikia na chai, ni yeye mwenye nyumba. Ni nini?"

"Benki!"

"Kituo cha polisi!"

"Ofisi ya mwalimu mkuu!"

Uwanja ukaangua kicheko, Bi Sow naye, ingawa kwa shida. Birame akangoja kitulie.

"Mmeshindwa. Ni mdomo wangu."

Akaupanua mpaka taya likalia, akalielekezea jua lile shavu la kushoto, akanyoosha kidole ndani. Watoto wa mbele wakakiona kile kizibo kipya.  Hata nyuki walitulia. Aram Diop, pembeni, alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Jana hapo palikuwa na shimo," alisema Birame. "Na aliyelichimba ni mimi, kwa mswaki na sukari. Niliwadanganya. Sikujua, lakini niliwadanganya. Mti ni mzuri. Mti mkavu, au wenye maji tu, unaofika nyuma kulia na nyuma kushoto. Kuchovya kwenye ataya, kumekufa leo. Aliyeuzika mtindo huo ni Ndiaye."

Birame akawa anasikia miaka yake ishirini na sita ikifungasha vitu vyake. Kisha Mbayang, aliye karibu na mdomo kuliko wote, akapaza sauti:

"Mimi sijaona vizuri! Fungua tena!"

"Na mimi!"

"Na mimi nilikuwa nyuma!"

Ndipo ilipozuka rabsha. Watoto mia tatu walitaka kuchungulia mdomo wa Babu Birame, na hakuna mwalimu aliyeweza kuwazuia ila kwa kuwapanga mstari. Birame akakalishwa kwenye kiti cha mgeni rasmi, kichwa nyuma, mdomo wazi. Aram akasimama na tochi, na kila mtoto aliyefika alionyeshwa, kisha akafunguliwa wa kwake akaangaliwa.

"Ona, hapo nyuma ndiko vijidudu vinakojificha. Wewe unapiga mswaki mpaka huku? Haya, nionyeshe. Sukari pamoja na chakula, halafu basi, mdomo upumzike. Si kudokoa kutwa. Na usiku kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi, ukishapiga usile tena. Wewe hapa kuna kidoa, kesho mlete mama. Mbayang, wewe na mimi tunaonana leo leo. Usilie, meno hayo ni ya kwanza, mengine yako njiani, tutayawekea ulinzi. Anayefuata!"

Kina mama waliokuwa kwenye uzio wakaingia bila kualikwa. Mmoja akamwinamia Birame, akachungulia hadi akaridhika, akasema, "Mimi nataka mkavu. Ule mchungu kabisa. Niwekee sita." Nyuma yake mwingine akasema, "Mimi nane, na unieleze upande wa kushoto unafikaje." Birame hakuweza kujibu, akaonyesha kwa vidole. Bi Sow akajipanga mstarini na karatasi yake ya sifa, Gallo Sarr akafunga biashara ya kandambili akaja, na mstari ukazunguka mti wa mwarobaini ukatokea barabarani.

Hapo ndipo Aram Diop alipogundua jambo ambalo ukoo wake wote haukuwahi kulipata.

"Subirini," alisema taratibu. "Subirini kwanza. Huyu hawezi kufunga mdomo." Akageukia umati, macho yakimeremeta. "Ndiaye, mimi ni bwana wako, ndiyo au siyo?"

"Aaa!" alisema Birame.

"Kakubali! Mmesikia? Ndiaye ni mla wali asiyenawa, ndiyo?"

"Aaa! Aaa!"

"Mara mbili! Na wanawe wote watabeba mizigo ya wana wangu, na siku ya sikukuu paja la kondoo linakuja kwa Diop?"

Birame alikuwa ameshika mikono ya kiti, mguu unapiga chini, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, na haikujulikana ni ya hasira au ya kicheko, maana tumbo lilikuwa linaruka chini ya kanzu. Akainua kidole kimoja hewani: ngoja, Diop, ngoja tu nifunge mdomo, nina majibu ya mababu saba hapa. Aram akakitazama kile kidole, akatazama mstari uliokuwa unaendelea kuongezeka kule barabarani, akamulika tochi.

"Panua zaidi, mtani," alisema. "Anayefuata!"